Kamera Haivuki Pazia

Kwenye kioo cha nyuma cha kamera, bibi harusi alikuwa na mikono sita. Yote ilikuwa imepakwa hina, yote ilikuwa mizuri, na katikati ya paji la uso wake, pale ambapo Mwikali alikuwa amehangaika nusu saa nzima na poda, palichomoza pua ya shangazi yake, Bi Khuluthum, imevaa feni ya dari kama kipini.

"Audhubillahi," alinong'ona Salme. Akaizima kamera, akaiwasha tena, kama mtu anayefumba macho akitumaini kwamba alichokiona kitakuwa kimeondoka. Akapiga ukuta. Kioo hakikuonyesha kitu. Akapiga dirisha. Bado. Akapiga viatu vya bibi harusi, na hapo ndipo picha ikatoka: viatu vikining'inia dirishani, na dirisha limezama ukutani.

"Nini?" aliuliza Mwikali bila kugeuka. Alikuwa amemshika Shaza kidevu, brashi ya wanja imesimama hewani. Mwikali alikuwa mtu wa Machakos, lakini nusu ya mabibi harusi wa Kisauni walipita mikononi mwake, na alijua kumtuliza mteja kwa kidole kimoja.

"Hakuna kitu."

"Salme, uso wako umepauka kuliko huu ninaoupaka. Hebu leta nione." Aliona. Brashi ikashuka. "Aki ya Mungu! Hii ni noma. Shaza, umekuwa pweza!"

"Nione na mimi!" Shaza alijinyoosha kutoka kitini, akaona, akaangua kicheko kilichomtikisa mpaka maua ya kichwani. "Hiyo usiifute, Salme. Wallahi usiifute. Pua ya shangazi!"

"Tulia wewe, wanja utafika sikioni," alisema Mwikali.

Salme hakucheka. Alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, hatua kwa hatua, mpaka adhuhuri alipoanza kazi. Alikuwa amepiga maua ya mlangoni, sinia za halua, chetezo kinachofuka udi, mabibi wa Likoni wakishuka garini. Alikuwa amebonyeza mara themanini na zaidi, naye ni mtu wa kuhesabu. Kamera ilionyesha picha ishirini na nane. Kila mara tatu, moja. Alikuwa amezibandika sinia juu ya mabibi na mabibi juu ya maua, na hakujua, kwa sababu kaka yake, Safwan, alimkataza kutazama kioo kila mara, eti kinamaliza betri.

Ukumbi ule ulikuwa na wanawake mia mbili na kamera moja. Mlangoni walikaa wasichana wawili wa ukoo, wakipokea simu na kuifunga kila moja kwenye leso yenye namba. Simu ya Salme mwenyewe ilikuwa humo. Hilo halikuwa jambo la mzaha. Kwenye harusi nyingine, mwaka uliopita, picha ya bibi harusi akiwa kichwa wazi ilizunguka kwenye simu za wanaume kabla mwenyewe hajafika kwa mumewe. Kwa hiyo ambacho Salme hangekipiga leo, hakuna ambaye angekuwa nacho. Saa kumi na moja Shaza angeingia ukumbini amefunikwa kitambaa cha hariri ya kijani, akae juu ya jukwaa, na somo wake, mwanamke aliyemfunda, amfunue uso. Uso huo haufunuliwi mara mbili ili mpiga picha ajaribu tena.

Ilikuwa saa kumi na robo.

Na kulikuwa na jingine. Kwa miaka sita Salme alikuwa mkono wa ndani wa kaka yake. Ndivyo Safwan alivyopenda kumwita, "mkono wangu wa ndani", kwa kuwa yeye mwenye studio ya Changamwe hangeweza kuingia penye sherehe ya wanawake. Aliipanga kamera mwenyewe, na kabla ya kila harusi akabandika utepe mweusi juu ya vitufe na gurudumu, akamwachia dada yake kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Siku zisizokuwa na harusi, Salme alikaa nyuma ya meza akikata picha za vitambulisho kwa makasi, masikio mawili, mabega mawili, mkato mmoja ulionyooka. Asubuhi hiyo, walipokuwa wakivuka daraja la Nyali, Safwan alikohoa kwanza, akasema, "Kesho anakuja yule msichana wa Nairobi, Emmaculate. Amesomea hii kazi, ana cheti. Leo ikienda vizuri, nitamwambia sina nafasi. Ikiharibika, Salme, itabidi urudi kwenye makasi moja kwa moja. Sisemi kwa ubaya."

Hakusema kwa ubaya, kweli. Lakini hakujua, kwa sababu Salme hakuwahi kumwambia mtu, kwamba kuna lahadha ndogo kabla ya kidole kushuka ambapo mtu unayemtazama husahau kwamba anatazamwa, na kwamba Salme aliingojea lahadha hiyo wiki nzima kama wengine wanavyoingojea Ijumaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Khuluthum. Hili halikuwa la kuficha tena.

"Bi, kamera ina tatizo."

Bi Khuluthum, aliyekuwa akipanga vikuba vya asumini kwenye sinia, alipokea kamera, akaitazama picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu tena. "Hiyo pua ni ya nani?"

"Yako, bi."

"Mashallah." Akairudisha. "Ni shetani au ni mashine?"

"Mashine. Kuna kitu kimewashwa kinabandika picha juu ya picha. Kaka anajua pa kukizima. Yuko nje na madereva. Nikimpelekea dakika tano tu..."

"Hini kamera haivuki pazia la mlangoni."

"Nitatoa kadi, bi. Picha zote ziko kwenye kadi. Kadi utabaki nayo wewe."

"Mwanangu." Bi Khuluthum aliweka kikuba chini. "Nimewaapia wanawake mia mbili kwa jina la Mola kwamba kamera ikiingia haitoki mpaka wa mwisho avae buibui lake. Sikuapa kadi. Niliapa kamera." Kisha akamtazama Salme usoni, akaona kilichokuwapo, na sauti yake ikalegea. "Lakini sauti ya mtu sikuiapia. Ndoo huku, nifuate."

Walipita jikoni, katikati ya masufuria ya biriani na wanawake wanaokaanga vitunguu, mpaka mlango wa nyuma uliokuwa wazi, umezibwa kwa pazia zito. Upande wa pili zilisikika sauti za wanaume na harufu ya sigara.

"Safwan!" aliita Bi Khuluthum. "Njoo karibu na pazia. Uje na masikio tu."

Viatu vilikokotwa. "Labeka, bi."

Salme alieleza kwa maneno machache.

"Kaka?"

"Jana," alisema Safwan taratibu. "Nilikuwa nayo jana, ufuoni. Wale wachumba walitaka nyuso zao zionekane ndani ya mawimbi. Nikawasha... Subhanallah. Nilisahau kuzima."

"Ulisahau."

"Usinipigie kelele mbele za watu, Salme."

"Nimenong'ona."

"Kunong'ona kwake ndiko kubaya," alisema mmoja wa wapishi, na jiko zima likacheka. Hata nje, nyuma ya pazia, mtu alicheka.

"Sikiliza basi," alisema Safwan, sauti imekaza. "Kuna kitufe cha menyu, kushoto. Juu yake kuna utepe."

"Nautoa?"

Safwan alikohoa. "Toa."

Salme aliingiza ukucha. Utepe ulikuwa umeng'ang'ania, ukatoka vipande vipande, ukaacha gundi na mraba mdogo wa rangi nyeusi inayong'aa, mpya kabisa, kama ngozi iliyokuwa chini ya bangili. Akabonyeza, na kamera ikafunguka mbele yake safu kwa safu, kurasa za Kiingereza kidogokidogo zilizojaa kama duka la vifaa.

"Umeona orodha? Ingia. Sasa shuka mpaka chini kabisa, cha mwisho. Bonyeza sawa. Umeingia? Shuka tena mpaka cha mwisho. Cha mwisho kabisa! Bonyeza sawa."

"Kaka, hapa naona kama majina ya..."

"Bonyeza, Salme! Saa inakwenda."

Akabonyeza. Kioo kikapepesa. Na maneno yote yakahama: yaliyokuwa kushoto yakakimbilia kulia, na herufi zikalala, zikashikana mikono.

"Kaka. Imegeuka Kiarabu."

"Kiarabu gani?"

"Kiarabu cha Waarabu."

Kicheko cha madereva kilipita pazia kabla ya sauti ya Safwan. "Ya Rabi! Niliiacha kwenye ukurasa mwingine. Umeingia kwenye lugha. Hiyo kamera ilitoka Dubai, ina kila kitu." Akavuta pumzi. "Basi. Usiguse tena. Mimi hapo sijui hata alifu. Piga hivyo hivyo, tutazitenganisha kwenye kompyuta."

"Zinatenganishwa?"

Viatu vilisogea nyuma ya pazia.

"Kaka, zinatenganishwa?"

"Hazitenganishwi," alisema Safwan.

Kutoka ukumbini ngoma ilianza kujaribiwa, mapigo mawili, matatu, ikanyamaza. Saa kumi na nusu. Mwikali alitokeza kichwa mlangoni, brashi sikioni kama kalamu. "Niko kwa midomo tu. Mmefika wapi?" Salme akamwonyesha kioo. "Aii, hapo mimi sina langu," alisema Mwikali akarudi mbio.

Salme alibaki ameshika kamera kwa mikono miwili. Wakiwa watoto, kila alasiri mama yao aliwatuma chuoni wote wawili kusoma Kurani, na kila alasiri Safwan alificha msahafu wake kwenye kichaka, akaenda kucheza mpira. Salme alifika. Alikhitimu akiwa na miaka kumi na mmoja, na shule ya serikali ilipomwishia darasa la saba alirudi chuoni kuwashikia watoto wadogo kidole. Miaka yote ya studio, mtu akizungumza juu ya kusoma, alijiweka nje ya mazungumzo. Kiingereza kilimpita kama gari lililojaa.

Sasa alitazama. Maneno ya kamera hayakuwa na irabu. Yalisimama matupu, mifupa bila nyama. Lakini mifupa hiyo aliijua. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama alivyowafundisha watoto, akalivuta polepole kwa midomo.

"Lu-gha," alisema. "Hapa ndipo nilipo. Lugha." Akashuka. "Wakt... wakati. Hii ni saa yake." Akainua kichwa. "Bi Khuluthum, inasomeka!"

"Soma basi, mwanangu! Soma!"

Alitoka kwenye ukurasa huo akaingia mwingine, wenye alama ya kamera ndogo. "Sura, yaani picha. Ubora wa picha, hiyo siyo. Nuru... siyo." Wapishi walikuwa wameacha vitunguu, wamemzunguka, vijiko mikononi. "Hapa kuna neno refu. Muta... mutaaddid."

"Taaddud!" Bi Khuluthum alipiga makofi. "Hilo nalijua! Kuwa na wengi! Mume wangu alilisikia kwenye darsa Jumatatu, Jumatano akanunua shati jipya. Zima upesi!"

Jiko likalipuka. Hata Salme alicheka, machozi yakimtoka, kidole kikiwa bado chini ya neno. Akaingia. Ndani kulikuwa na neno la idadi na mbele yake tarakimu ya tatu kwa Kiarabu. Tatu! Ile tatu iliyokuwa imemla picha zote tangu adhuhuri. Juu yake palikuwa na maneno mawili mafupi ya kuchagua, na mtoto yeyote wa chuoni angeyajua. Naam. La.

Akachagua la.

"Simama hapo, bi." Akampiga Bi Khuluthum, picha moja. Ikatoka moja. Lakini ilikuwa nyeupe kama unga, macho mawili tu yakielea ndani yake.

"Nimekufa?" aliuliza Bi Khuluthum.

"Kaka," Salme aliita, "nimeizima. Lakini picha ni nyeupe tupu."

"Umeizima? Umeizima vipi?" Sauti ya Safwan ilipanda. "Basi hiyo ni mipango ya jana ya mawimbi. Kubandika kunapunguza mwanga, nikaufungua zaidi, nikabadilisha rangi, nikachezea mambo mengi. Siyakumbuki yote."

"Kuna sehemu ya kurudisha. Naiona. Iada ya dhabt."

"Nini?"

"Kurudisha yote mwanzo."

"Usithubutu! Salme, nakwambia usithubutu! Hiyo itafuta mipango yangu ya miaka sita. Rangi ya ngozi, mwanga wa ukumbi, kila kitu nilikupangia mimi. Ukirudisha utabaki na kamera kama ilivyotoka kwenye boksi. Utaifanyaje?"

Lilikuwa swali la haki. Salme aliliacha lisimame mbele yake. Neno la dhabt lilimkumbusha kitu madhubuti, kilichokaa imara mahali pake. Na iada alikuwa akiijua tangu utotoni: sala iliyoharibika katikati haishonwi kiraka. Mtu hatafuti rakaa gani ilikuwa nzima na ipi mbovu. Anasimama, anaelekea kibla, anaanza upya, na hakuna anayemcheka kwa kuanza upya. Alitazama ukurasa mzima ahakikishe hakuna alama ya pipa la taka, ile inayofuta picha. Haikuwapo. Kamera ikamuuliza: naam, au la?

"Bismillahi," alisema Salme, akabonyeza naam.

"Salme! Umefanya nini? Salme!"

Hakumjibu, kwa sababu ngoma ilikuwa imeanza kwa nguvu zote na vigelegele vilikuwa vinapasua dari. Walikuwa wamemtoa bibi harusi kabla ya saa yake. Salme alikunja buibui kiunoni, akakimbia, sauti ya kaka yake ikibaki nyuma, ikigonga pazia kama mtu asiyepata mlango.

Ukumbini taa zilikuwa za manjano na madirisha yalikuwa bado na jua la alasiri, nuru mbili zisizopatana. Alipiga kiti kitupu cha jukwaani. Giza, na manjano. Akabandua utepe wa gurudumu kwa meno. Alikuwa amemwona Safwan akilizungusha mara elfu, na kila mara alijifanya hatazami. Akalizungusha kulia: giza zaidi. Kushoto, basi. Mara tatu, mara nne. Kiti kikaanza kutoka gizani, mbao zake, nakshi zake, maua. Rangi bado ilikuwa ya homa. Akaingia kwenye orodha, iliyobaki kwa Kiarabu, akasoma kwa kidole, mbio sasa, akiruka asichokijua na kukamata anachokijua, mpaka akaipata nuru ya jua na nuru ya taa, akajaribu hii, akajaribu ile. Kiti kikawa cheupe kama kilivyokuwa mbele ya macho yake.

Hariri ya kijani ilikuwa imefika katikati ya ukumbi. Chini yake Shaza alitembea hatua fupi fupi za mtu asiyeona, somo akimshika kiwiko. Wanawake mia mbili walisimama. Udi ulipanda. Salme alijisogeza ubavuni mwa jukwaa, akapiga goti moja, akaegemeza kiwiko juu ya jingine.

Somo alishika ncha mbili za hariri.

Bibi harusi hufundishwa kuinamisha macho, na Shaza aliyainamisha. Vigelegele vilimwagika. Salme hakubonyeza. Kidole kilikuwa kimegusa kitufe, kinangoja. Mtu mmoja nyuma yake akasema, "Mpiga picha amelala?" Bado alingoja. Hapo Shaza, aliyelelewa na shangazi tangu mama yake alipofariki, aliinua macho kidogo tu, kinyume cha mafundisho yote, akamtafuta Bi Khuluthum kati ya nyuso zile zote, akampata. Akasahau kwamba anatazamwa.

Kidole kikashuka.

Salme alitazama kioo papo hapo, betri iishe ikipenda. Bibi harusi mmoja. Mikono miwili. Na macho yale, yameinuka, yana maji yasiyomwagika, na kila uzi wa dhahabu shingoni mwake ukionekana. Alimwinulia kamera Bi Khuluthum aliyekuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa. Mama yule alitazama. Alimshika Salme bega, akalikandamiza kwa nguvu mpaka likauma, kisha akamsukuma arudi kazini. Na Salme alifanya kazi! Aliinuka, akainama, akapanda kiti. Alizungusha gurudumu kila jua lilipopungua dirishani. Alipiga mabibi wa Likoni wakicheza chakacha kama wasichana, akampiga Mwikali mwenyewe akipiga kigelegele cha Kikamba, watu wakamshangilia.

Magharibi ilipokaribia, mabuibui yalirudi mabegani na simu zikarudi kwa wenyewe. Salme alitoa kadi, akamkabidhi Bi Khuluthum, naye akaifunga kwenye pembe ya leso na kuitia kifuani. Picha zingechaguliwa nyumbani kwake, wanawake peke yao. Hapo ndipo kamera ilipovuka pazia.

Safwan alikuwa kwenye kiti cha plastiki, shati limelowa jasho kuliko buibui la Salme aliyekuwa ndani. Aliipokea, akaiwasha, akaona herufi zimelala. Akageuza kamera juu chini, akaigeuza tena.

"Zimetoka?" aliuliza.

"Alhamdulillahi."

"Safwan," Bi Khuluthum alisema kutoka mlangoni, "Alhamisi kuna harusi ya mtoto wa dada yangu, Likoni. Saa tisa."

"Alhamisi, bi, mimi nina..."

"Sikukwambia uje. Nakwambia usimpe kazi nyingine Salme." Pazia likaanguka.

Muadhini alikuwa akisafisha koo kwenye kipaza sauti cha msikiti wa jirani. Safwan aliinamia kioo, kidole chake kikubwa kikizunguka juu ya orodha bila kutua.

"Hili ni nini?"

Salme alikaa kando yake. "Wakati."

"Na hili?"

"Idadi."

"Hili hapa?"

"Lugha."

"Afadhali. Haya, ingia hapo uirudishe kwenye Kiingereza, twende tukasali."

Salme alitazama kidole cha kaka yake kilichosimama chini ya neno, kisha akakiondoa pole pole, akakisogeza kwenye mstari uliofuata.

"Ngoja kwanza, kaka," alisema. "Sijamaliza kuisoma."